Zamu ya Saulo

Iringa,
20 Oktoba 2024

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mama, na Selestini na kikohozi chake. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inanikomoa. Asubuhi natoka nimejifunga kanga juu ya sweta, wenzangu wananicheka. Mchele niliupokea pale Ipogolo kwa Jailos, haukupungua hata punje. Ukimwona na basi lake umshukuru. Barua uliyoitumbukiza ndani ya gunia ilinuka pumba, nikaisoma nimesimama hapohapo kituoni.

Umesema tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Ni kweli baba, wewe ukianza na mimi nimeanza. Afadhali hivi, kila mtu aongee mpaka amalize.

Neno lenyewe ni hili. Mwaka wa pili wa uchumi hatusomi wote kitu kimoja. Masomo ya lazima yapo, lakini kila mtu anachagua njia yake: benki na fedha, biashara ya nje, takwimu, au uchumi wa maji na ardhi. Tunatakiwa tuwe tumechagua kabla Novemba haijaisha. Darasa karibu zima linakimbilia benki, na Bertha ninayekaa naye chumba ameshachagua hiyo. Mimi nilikwenda kwa mshauri wangu, Dokta Benedicta Kalinga, mama wa Kihehe asiyecheka ovyo, nikamuuliza ni njia ipi yenye ajira. Hakunijibu. Akaniuliza, "Ukiwa unaosha vyombo, hakuna mtihani wala mwalimu, huwa unajiuliza swali gani?"

Jibu nilikuwa nalo, ila niliona aibu kulisema ofisini kwa mtu.

Baba, nishauri.

Mwanao,
Minza


Rujewa,
29 Oktoba 2024

Kwa mama yangu Minza,

Marahaba sana. Nakuita mama kwa haki, maana jina la mama yangu ulilibeba na ukali wake ukauchukua. Sisi wazima. Kikohozi cha Selestini kimeisha, sasa anakula mpaka mama yako anaficha sufuria. Hapa mashineni kazi imepungua, mpunga wa msimu umekwisha kukobolewa. Ng'ombe wamekonda wakisubiri mvua.

Kuhusu masomo, mbona hilo jambo jepesi? Benki. Mtu wa benki anakaa kwenye kiti, feni linazunguka, na viatu vyake vinang'aa hata Januari wakati sisi huku tuko kwenye tope hadi magotini. Sikukupeleka chuo ili urudi kwenye tope.

Tena nimeshamaliza kazi. Jumapili, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, Mzee Anord alikuwa ananadi jogoo mmoja mwekundu. Nilishindana na watu mpaka nikampata. Nikasimama, nikasema jogoo huyu ni shukrani kwa ajili ya mwanangu Minza anayekwenda kuwa meneja wa benki. Vigelegele vilipigwa! Mama yako alijifunika uso na kitenge, lakini nilimwona anatabasamu. Sasa nikipita sokoni wananiita Baba Meneja. Na jogoo tumeshamla, hawezi kurudi.

Swali la kuosha vyombo sikulielewa. Wewe osha vyombo, halafu chagua benki.

Baba yako,
Nashoni


Iringa,
4 Novemba 2024

Shikamoo baba,

Habari za huko? Mama nimempigia jana, amesema mvua bado. Huku mawingu yanakuja yanapita tu. Mimi mzima wa afya.

Habari ya jogoo imenichekesha, na imenitia hofu pia. Nilimsomea Bertha, akacheka hadi akakaa chini. Lakini baada ya kucheka nilishindwa kula. Baba, umewaambia watu kabla hujaniuliza mimi.

Nilikwenda kukaa kwenye kipindi kimoja cha benki, nijaribu kwa moyo mweupe. Mwalimu anafundisha vizuri. Niliandika kila kitu, na nilipotoka mlangoni sikuwa na hata swali moja. Siku iliyofuata nikakaa kwenye kipindi cha uchumi wa maji. Walikuwa wanazungumzia mfereji wa nchi nyingine kabisa, watu wa juu na watu wa chini, na mwalimu akauliza kwa nini watu wenye akili zao wanagombania maji ambayo yakipangwa yangewatosha. Nilinyoosha mkono mara nyingi mpaka nikaambiwa niwaachie wenzangu nafasi.

Sasa nikuambie ninachojiuliza nikiosha vyombo. Ni kuhusu baba mdogo Saulo.

Nilikuwa darasa la sita alipouawa pale kwenye banio la kufungulia maji ya mfereji, lakini nakumbuka zamu ilivyokuwa. Shamba la juu linakunywa mpaka lijae, ndipo maji yaende shamba linalofuata. Lakini nani anasema limejaa? Saulo alikwenda kufungua akijua zamu yake imefika. Jirani wa juu naye alijua shamba lake halijajaa. Baba, wote wawili walikuwa na haki kwa utaratibu uleule. Kila mtu pale kijijini alisema ni ulevi, ni hasira, ni ibilisi. Mimi naona ni ule utaratibu. Nataka kujua kama kuna namna nyingine ya kugawana, ambayo mtu anajua saa yake bila kwenda kumwangalia mwenzake na jembe mkononi.

Hilo ndilo swali langu. Nipe ruhusa nilisomee.

Mwanao,
Minza


Rujewa,
10 Novemba 2024

Binti yangu Minza,

Sisi wazima.

Mimi ndiye niliyembeba Saulo kutoka kwenye banio mpaka barabarani. Wewe ulikuwa mtoto. Shamba nililikodisha kwa watu, nikaja kwenye mashine hii yenye makelele, ili nisisikie tena habari ya zamu wala ya mfereji. Leo unaniandikia kwamba yule mtu alikuwa na haki.

Nimekupeleka mbali na maji hayo. Usiyafuate. Na jina la Saulo usiliandike tena kwenye karatasi.

Chagua benki.

Baba yako


Iringa,
26 Novemba 2024

Shikamoo baba,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi nina afya, ila moyo hautulii.

Nilikaa na barua yako. Niliirudia mpaka Bertha akaninyang'anya, akaniambia nikalale. Sikujua kwamba wewe ndiye uliyembeba. Hamkuwahi kutuambia sisi watoto, na nisingeliandika vile ningelijua. Nisamehe kwa kukuumiza.

Lakini baba, ni lazima nikuambie kwa kalamu yangu kabla hujasikia kwa mtu. Nimechagua uchumi wa maji na ardhi. Nilifika kujaza fomu nikiwa nimeamua kuandika benki, kwa ajili yako na kwa ajili ya kanisa zima lililokupigia vigelegele. Mkono ukakataa. Nilijiona miaka yote iliyobaki nakaa darasani sina swali.

Simfuati aliyemuua baba mdogo wala simtetei. Namlilia Saulo kwa namna ninayoiweza.

Kama umekasirika, nigombeze. Usininyamazie tu.

Mwanao anayekupenda,
Minza


Iringa,
8 Desemba 2024

Shikamoo baba,

Hamjambo huko? Mimi sijambo.

Gunia limefika, asante. Nililimwagia lote kwenye beseni, nikapapasa mpaka chini. Barua haikuwamo. Nikamuuliza Jailos kama amepewa karatasi mkononi, akasema hapana, mzee kampa gunia tu na kumwambia asilikalie.

Mchele ni mzuri. Tumeupika na Bertha, nikala kidogo.

Mwanao,
Minza


Rujewa,
19 Desemba 2024

Kwa mama yangu Minza,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama yako anakusalimu, na Selestini anataka umletee parachichi za huko ukija. Nimechelewa kuandika, na usimlaumu Jailos. Nilikuwa nakaa na karatasi, naandika "sisi wazima", halafu kalamu inagoma.

Mwaka huu maji ni kidogo kuliko tulivyozoea. Vitalu vya mpunga vinakauka na kila mtu anataka kuotesha kabla ya mwenzake. Wiki iliyopita vijana wawili walishikana mashati palepale kwenye banio, na mmoja alikuwa na jembe. Akina mama waliokuwa wanafua ndio waliowaamulia. Mama yako akaja kunihadithia mashineni. Nikamwambia azungumze mengine. Akazima mashine kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Nashoni, Minza umemkataza asiulize, wewe huulizi, basi tusubiri wa pili azikwe?" Hajawahi kusema na mimi hivyo.

Nikaenda kwenye kikao cha mfereji. Sijakanyaga pale tangu tumzike Saulo. Waliponiona tu, Mzee Anord akasema, "Karibu Baba Meneja." Nikawaambia meneja hayupo. Mwanangu anasomea ugomvi wetu. Walicheka sana, na mimi nikajikuta nacheka. Halafu mmoja wa wale vijana, yule aliyekuwa na jembe, akauliza, "Sasa anasemaje?" Nikamwambia sijui, maana nilikukataza kusema.

Nilirudi nikaitafuta barua yako ya mwanzo wa Novemba. Mara ya kwanza nilipofika pale ulipoandika kwamba wote wawili walikuwa na haki, nilitaka kuichana. Safari hii nilisoma mpaka mwisho. Bado inaniuma, mama. Lakini nimemjua yule jirani tangu tulipofika Usangu na ng'ombe wetu, na hakuwa mlevi. Hilo nililijua siku zote na sikulisema.

Kwa hiyo soma hayo maji yako. Jogoo mwingine nimemfunga pale nyuma, ila safari hii sitangazi kitu mpaka umalize.

Sasa na mimi nina swali langu. Sioshi vyombo, lakini huwa linanijia kila asubuhi nikiwasha mashine. Ukilipata jibu, usilipambe ili kunifurahisha. Muulize na huyo mama wa Kihehe, soma vitabu vyote unavyotaka, halafu uniambie kweli hata kama ni nzito.

Kama zamu ingehesabiwa kwa saa, Saulo angerudi nyumbani?

Mwanao,
Nashoni