Uwanja Usio na Kaburi

Pacita, mwanangu Rodelio anagombea uenyekiti wa kijiji, na picha yake imebandikwa hadi ukutani mwa zahanati. Ametoka kama daktari.

Nimetanguliza habari, salamu zikabaki nyuma. Nisamehe, mdogo wangu. Hujambo? Mguu wako je, na baridi ya huko Baguio? Sisi tu wazima, mpunga wa matuta ya juu umeshaingia ghalani, ni magoti yangu tu yananigomea kwenye ngazi.

Ungemsikia anavyohutubia. Anasema kila familia iwe na hati, maana asiye na karatasi analima kwa kukaribishwa. Na mwenye hati awe huru, akitaka ajenge, akitaka auze. Barabara ije, hoteli ije, vijana wapate kazi hapa hapa. Mzee Gumangan akamuuliza mbele za watu kama hati inaiva haraka kuliko viazi. Rodelio akamjibu, "Haiivi, mjomba, ila asiye nayo siku moja atapikia barabarani." Hata mpinzani wake alicheka. Ulimi huo kautoa kwangu. Marehemu baba yake, unamkumbuka, alikuwa mzito wa maneno.

Akataka mfano uanzie kwetu, kwenye uwanja wa nyumba ya wazazi. Mpimaji ardhi akaja. Unajua uwanja wenye kaburi hauandikwi jina la mtu mmoja mpaka watoto wote wa marehemu watie sahihi. Wewe uko mbali, na kaka Simplicio angekataa. Rodelio akaniambia, "Mama, ni neno moja tu." Mpimaji akaniuliza kama pana kaburi. Nikasema hapana. Nikaapa, nikatia sahihi, kwa mwandiko huu huu unaousoma.

Hati ikatoka kwa jina la Rodelio. Nilidhani ni ya kuwaonyesha watu, kumbe alishawauzia wenye hoteli. Jumatatu iliyopita katapila likaja nikiwa naanika mpunga, likamfukua Baba yetu kaburini. Lile blanketi tulilomfunga, wewe ukishika miguu, bado lilikuwa na mistari yake myekundu. Dereva akazima injini, akavua kofia, akaniuliza, "Bibi, si mlisema hapa hakuna mtu?"

Nimemwokota mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kushoto sijavipata. Rodelio ananiomba nimfukie kimya ng'ambo ya mto mpaka kura zipite, na anaomba vizuri, hata jambo baya likitoka mdomoni mwake unaona aibu kulikataa. Nimelikataa. Baba yuko chini ya nyumba yangu, kati ya nguzo zake, ndani ya blanketi nililofuma kwa ajili ya kifo changu. Tutakesha naye siku zake tatu kama inavyopasa, nguruwe wa kuchinja wapo, na kijiji kikishakaa nitasimama niseme nilichoapa, mwanangu akinisikia. Baada ya hapo sijui tutamrudisha wapi, maana uwanja si wetu tena. Rodelio huenda akashindwa. Hata hivyo bado hakuna anayehutubia kama yeye.

Kaka nimemwandikia. Msalimie shemeji na watoto, uje nao. Njoo hata kama ni kunitukana, maana haki niliyoitoa kwa kiapo kile ilikuwa yako pia.

Ni mimi dada yako, Apolonia, ninayewangoja nyote Alhamisi, tarehe ishirini na sita Oktoba, siku nne kabla ya kura.