Nafasi Juu ya Pneu

Mujukuu wangu Kabwe,

Huku Bel-Air tuko bazima. Dada yako amezaa mutoto mwanamuke, na magoti yangu inaniuma siku za baridi tu. Unauliza kama kushusha motokari yako ya mbio kutaifanya ishike barabara muzuri.

Wakati nilikuwa kijana, yaya Ilunga, ndugu yangu mukubwa, alikata resori, zile springi za motokari yake ya mbio, ikalala karibu na udongo. Tukatoka nayo barabara ya Likasi. Kwenye virage ya kwanza, pale barabara inapinda, nilishika mulango, sababu motokari zote nilizojua zilikuwa zinainama. Ile haikuinama. Ilizunguka sawa, kama vile udongo wenyewe umeishika, nikabakia kinywa wazi.

Virage ya pili ilikuwa na kinundu kidogo. Pneu, ile mipira ya magurudumu, zikaruka, volant ya kuongoza motokari ikakuwa nyepesi mikononi mwa yaya, tukajikuta upande mwingine wa barabara. Kwa neema ya Mungu, hakuna motokari ilikuwa inakuja.

Yaya alishuka, akajaribu kuingiza kidole kati ya pneu na bodi. Hakikuingia.

“Nilisahau,” akasema polepole, “barabara nayo inaomba nafasi.”

Basi shusha yako, lakini ubakishe juu ya pneu nafasi ya mukono wangu.

Nkambo yako