Ekseli Yenye Tumbo la Kushoto

Mwanangu Ayubu,

Sikuulizi hali. Ukiniambia u mzima nitakasirika, maana mzima hakai misimu miwili bila kukanyaga kwao. Ukiniambia unaumwa nitalia, na wiki hii sina nafasi ya kulia. Kwa hiyo tuingie kwenye habari ya gari moja kwa moja.

Gari liko uani hapa hapa Tunduma, juu ya magogo uliyolipandisha kwa mikono yako. Nyuma lina magurudumu, mbele halina kitu, kama mtu aliyetaka kupiga magoti akaghairi kusali. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi, "Mama, salio linakatika." Haya, karatasi haina salio. Nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka ule wa kwanza baba yako hayupo, tulipoteremka Momba kufuata mpunga? Watu walisema mjane atauza lori kabla matanga hayajaanuliwa. Mimi nikalipeleka kazini. Wewe kwenye usukani, mimi pembeni na kapu langu la viazi vya kuchemsha, na hakuna mama mwingine wa soko letu aliyekuwa akiteremka mwenyewe mpaka mashambani kununua. Wenzangu walikaa kusubiri mpunga uwafuate. Nimeishia darasa la nne, nalisema bila haya, lakini nipe gunia la mpunga nilipige teke mara moja, nitakwambia kama limekauka au mwenye nalo ni mwongo.

Halafu ikanyesha. Udongo mweusi wa kule bondeni ukavimba kama unga wa ngano, na gari likakaa. Magurudumu ya nyuma yakawa yanasaga tope, ya mbele yametulia kama wageni waalikwa. Ukashuka, ukainama chini ukachungulia, ukaniambia, "Mama, gari letu linasukumwa tu. Ya nyuma yanafanya kazi, ya mbele yanaangalia."

Akaja yule mzee Msukuma na ng'ombe zake, akatufunga minyororo. Alitutoa, lakini alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama, ng'ombe zangu hazina leseni. Trafiki wakitukamata utalipa wewe!" Sijui nani aliipeleka habari ile, maana tulipofika Tunduma ilikuwa imeshatangulia. Sokoni wananiuliza, "Mama Ayubu, lori lako siku hizi linakunywa dizeli au linakula majani?" Nikacheka nao. Wewe unanijua, kicheko kile hakikushuka kooni.

Hapo ndipo uliponiambia lori linaweza kufanywa livute kwa miguu yote minne. Itolewe ekseli ya mbele iliyo fimbo tu, iwekwe yenye difu yake tumboni, yale meno ya kupokea nguvu na kuyazungusha magurudumu. Kati ya gia boksi na nyuma ikae transfa, yaani kiboksi cha kugawa nguvu, nusu iende nyuma, nusu iende mbele kwa shafti yake. Ulinieleza kama unamweleza mwalimu mkuu, nami nikaelewa. Mwanangu alikuwa na miaka ishirini na ushee, fundi ambaye madereva wa malori ya mizigo walimtafuta kwa jina. Kanisani nilikuwa nikikutaja hata pasipohusu. Tunaombea wagonjwa, mimi nasema, "Na Ayubu wangu naye anatengeneza gari la miguu minne."

Tulipanga bajeti kwa maharage. Ulimwaga ungo mzima pale jikoni, ukagawa mafungu: hili la ekseli, hili la transfa, hili la springi nzito, hili la beringi na sili, hili la mipira ya breki. Lile dogo kabisa pembeni likawa la matairi. Mimi nilitaka matairi makubwa yenye meno, Ayubu, na bodi ipakwe rangi mpya, ili soko lote lijue kuna gari limeingia. Ukigeuka kuweka kuni, nachota punje kwenye breki napeleka kwenye matairi. Ukirudi unazihesabu kwa macho, unazirudisha kimya kimya.

"Mama, anza na kisichoonekana."

"Nitatoa hela nyingi hivyo kununua kisichoonekana?"

"Barabara ya Momba haina macho."

Tukacheka mpaka dada yako Tabitha, aliyekuja kututembelea kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, akauliza kama maharage yale yatapikwa au yataendeshwa.

Transfa uliipata wewe, nzuri, inatoa shafti upande wa kulia. Ikabaki ekseli. Wewe ulikuwa Nanyala, umeitwa kufungua injini ya mtu aliyeharibikiwa barabara kuu, nami nikasikia kwamba mume wa Tabitha, Chanda, ameshusha ekseli mbili za malori ya mgodini kwenye gereji yake ya vyuma chakavu. Ulisema nisubiri urudi. Nani anasubiri Tunduma? Asubuhi unaona kitu, mchana kimeshavuka mpaka.

Nikavuka.

Sasa wewe unajua mila za akina Chanda. Ni Mbemba wa kweli kweli. Mpaka tumpikie kile chakula cha kumfungulia mkwe, haniangalii usoni, hali chakula mbele yangu, na neno "hapana" kwangu halimtoki. Chakula chenyewe nilikuwa nimekiahirisha kwa sababu nilitaka nikipika nipike kwa kishindo, Nakonde nzima ijue Tabitha ana kwao. Basi nilipofika, yeye akaingia nyuma ya kontena, na Tabitha akawa daraja letu.

"Muulize mwenzio, hii ya bluu ni nzuri?"

Tabitha akaenda akarudi. "Anasema ni nzuri, mayo." Mayo ni mama kwao akina Chanda.

"Na ile yenye kutu?"

"Anasema nayo ni nzuri."

"Ipi imezidi?"

"Anasema imezidi ile aliyoipenda mama."

Mimi nikaipenda ya bluu. Nani angependa kutu? Nikauliza bei. Jibu likaja kwamba mama atoe chochote. Nikataja bei ya haki kabisa. Tabitha akarudi amejifunika mdomo kwa kitenge: "Anasema ni nyingi, mama apunguze." Nipunguze mimi? Nikasemwe Nakonde kwamba nimemnyonya mkwe wangu? Nikaongeza. Akapunguza. Nikaongeza tena. Vijana wa gereji wakaacha nyundo wakaketi. Mmoja akasema, "Leo ndio mara ya kwanza naona muuzaji analia bei imepanda." Nilishinda, Ayubu. Nilishinda mpaka lile fungu la beringi likaisha, na la breki likabaki na punje za kubahatisha.

Uliporudi ulikuta imeshashushwa uani na majirani wameshaisifia. Ukaweka kiganja kwenye tumbo la difu, ukatembea mpaka kwenye transfa, ukarudi. Nikadhani umeipenda.

"Mama, tumbo liko kushoto."

"Sasa?"

"Transfa inatoa kulia. Shafti haiwezi kukatiza chini ya injini."

"Si uigeuze juu chini? Tumbo litahamia kulia."

"Nikiigeuza, ya nyuma yanakwenda mbele, ya mbele yanarudi nyuma. Gari litajivuta masikio lenyewe." Halafu ukauliza, "Chanda hakukwambia?"

"Chanda anaongea na mimi?"

Ungecheka hapo, tungekuwa na gari leo. Hukucheka. Ulisema, "Mama, umenunua rangi." Mbele ya majirani. Nikakwambia hela ilikuwa yangu, na gari ni la mume wangu, na mengine nikasema. Kesho yake ukafunga begi. Unakwenda migodini Zambia mwezi mmoja tu, utafute transfa ya kutoa kushoto, urudi.

Mwezi wako ni mrefu, baba.

Sikatai, blanketi ulilotuma ni zito. Na ile picha yako umesimama kando ya gari la mgodini, gurudumu limekupita kimo, nimeizungusha kwaya nzima, na mwinjilisti ameishika mara mbili. Nawaambia, "Mwenye gari lile hawezi kulala bila kumuuliza Ayubu wangu." Halafu narudi nyumbani, naingia kwa lango la uani, nakutana na magogo. Unajua kitu kinavyochosha, kumsifia mtu barabarani na kumlaani uani, siku hiyo hiyo?

Baba yako mdogo Yona alikuwa anakuja kila Jumapili. "Shemeji, hili ni banda la kuku lenye usukani." Safari ya mwisho alikuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu wa kugongagonga kila kitu kwa funguo kama daktari. Wakakaa wazee wa ukoo, wakaamua: gari la marehemu ni la wote, na kama halitatembea kabla ya mvua, likatwe kwa gesi, liuzwe kwa kilo, watu wagawane. Kwa kilo, Ayubu! Gari lililosomesha watoto watatu.

Nikakupigia. Salio likakatika.

Nikamleta fundi mmoja. Akasema, "Mama, tunakata hili tumbo, tunalihamishia kulia, tunachomelea, unasahau." Rahisi, na siku mbili imekwisha. Nikakumbuka ulivyokuwa unafoka kwamba ekseli ya mbele inabeba usukani na roho za watu, haichomelewi. Nikampa chai, nikamshukuru, nikamwambia aende. Yona akaniita mkaidi. Nikamwambia ukaidi sikuuokota, nimeolewa nao.

Kilichobaki ni ile yenye kutu. Nikampigia Tabitha kuuliza iliuzwa kwa nani.

"Haijauzwa, mama. Ipo pale pale. Kila anayeiulizia, Chanda anamwambia ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wewe. Tumbo lake liko kulia, sawa na transfa yenu."

Nilikaa chini, simu mkononi. Misimu miwili! "Kwa nini hakusema?"

"Aseme kwa mdomo gani, mama? Hujamfungulia, na mimi nabeba tu nilichoulizwa."

Basi nikapika. Bila kishindo. Sikungoja ng'ombe wala maturubai. Nilichinja majogoo watano, nikapika kisamvu cha karanga na ugali wa moto, nikawaita mama yako mkubwa na wanawake wawili wa ukoo, tukajitwisha masufuria kichwani tukavuka mpaka kwa miguu. Afisa akatusimamisha. "Mama, hii biashara mnaipeleka wapi?" Mama yako mkubwa, bila kugeuza shingo, akamjibu, "Hii si biashara, mwanangu. Hii ni spea ya gari." Akatupisha. Mpaka leo sijui alielewa nini.

Chanda alikula. Mimi nimeketi mbele yake mkekani, wanawake wanaimba. Alipomaliza akanawa, akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yako. Ana macho mazuri, sikuwahi kujua. Nikangoja aniambie ahsante. Akasema kwa heshima ya Kibemba, "Mama, mukwai, ile ya bluu irudishe. Haikuwa ya gari lenu tangu siku ile."

Nilitaka kumpiga mwiko. Nikacheka mpaka wakanishika mabega.

Na mdomo ulipofunguka, Ayubu, haukufungika tena! Ile ziada niliyong'ang'ania kumpa alikuwa ameiweka, akanirudishia yote mbele ya mashahidi. Nikasema vizuri, basi tununue matairi makubwa. "Hapana, mama." Rangi kidogo? "Hapana." Kabla ya kunipakilia ekseli alizungusha shafti, akahesabu mizunguko ya gurudumu, akasema difu hii na ya nyuma lazima ziende sawa, zisipokwenda sawa zitakulana, na hizi ziko sawa. Hela ikaenda kwenye beringi, sili, na mipira mipya ya breki mirefu, kwa sababu gari litakuwa limenyanyuka. Nimelipia vitu ambavyo hakuna atakayeviona. Nimekasirika, lakini nimelipa.

Ekseli imefika jana. Kutu imeshasuguliwa. Chanda anaanza kufunga Jumatatu, na Yona amekuja, ametazama, ameomba maji ya kunywa, ameondoka.

Nilitaka nimwambie Chanda angoje. Nilitaka uifunge wewe, majirani wale wale wasimame pale pale, na wewe useme kwa mdomo wako kwamba mama yako hakununua rangi. Neno lile bado linaniuma, sikufichi. Lakini mawingu yameshaanza kukusanyika upande wa Momba, na wazee wa ukoo hawasubiri mtoto wa mtu. Usitafute tena transfa. Hiyo hela ya kuitafutia, kama ipo kweli, panda nayo basi uje nyumbani.

Wewe ni mwanangu, na hakuna fundi kama wewe kuanzia hapa mpaka Ndola. Nitasema hivyo mpaka nife, na nitakugombeza mpaka nife. Ukifika uani ukakuta doa la oili peke yake, usiulize nani kaliuza gari. Limeteremka kufuata mpunga, mume wa dada yako kwenye usukani, mimi pembeni. Tufuate. Utatukuta tu, tutakuwa tumebeba mzigo, tunakwenda polepole.

Ni mimi, mama yako niliyekuzaa na kukukasirikia,
Mama Ayubu