Karani Mapengo Haendi Popote

Mama yangu,

Shikamoo. Nianze na lile ambalo najua ungeniuliza kabla ya habari za watoto na za shamba: hayajauzwa. Magazeti yako ya katuni yapo yote ndani ya tranka, tranka lipo chini ya kitanda chako, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kitenge kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Anayeutaka aje aufungue hapo pindoni nikiwa nimesimama, tuone.

Najua hukutuachia neno lolote kuhusu hilo tranka. Nyumba uliisema, kahawa uliisema, hata ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia kule mteremkoni, ulitaja nani alime wapi. Tranka hukulitaja. Basi kaka Ditram hapo ndipo aliposhikilia. "Stela, mdogo wangu, mama hakuacha wosia wa makaratasi." Nikamwambia hakuacha wosia wa masufuria pia, mbona hayo hatujayapeleka mnadani? Akaniita mkaidi. Nikamwambia ahsante.

Chanzo chenyewe ni Pasaka, alipopanda kutoka Mbinga mjini na familia yake. Nikamfungulia tranka kwa moyo mweupe, awaonyeshe watoto wake. Kumbe anayapiga picha na kuzirusha mtandaoni! Haikupita wiki nikapigiwa simu, sauti imechangamka kama ametoka kula pilau. "Stela, tumepata hela ya kaburi la mama." Kuna kijana Dar es Salaam anakusanya katuni za zamani, kasema haya ya kwako ni adimu, anataka tranka zima. Ditram alikuwa ameshakuchagulia vigae, mama. Vya bluu.

Mimi nikauliza kitu kimoja tu: mama aliwahi kukuambia anataka vigae? Akakata simu.

Unakumbuka ulivyokuwa unayaingiza nyumbani? Ulikuwa ukipeleka vitambaa vyako vya makochi mjini, kwa wake za wafanyakazi waliohamishiwa huku kutoka mikoa ya mbali, na ukirudi gazeti moja limekunjwa katikati ya vitambaa vilivyobaki, ili baba asilione. Baba alikuwa analiona kila mara. "Mama Ditram, leo tena umenunua makelele?" Ulikuwa unamjibu kwa Kimatengo maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa heshima ya marehemu wote wawili. Na ikifika jioni, huyo huyo baba ndiye wa kwanza kuvuta kigoda karibu na taa. "Haya, huyu Karani amefanya nini tena?"

Karani Mapengo wa katuni zako! Mrefu, suruali imeishia juu ya vifundo, meno ya mbele hana, hapigi mhuri mpaka apewe chai, na hamsalimii mtu. Wazee wanaingia ofisini kwake na kofia mkononi, yeye hata hainui macho. Tulimchukia na kumpenda. Watoto wa jirani walikuja, wachumaji wa kahawa walikuja na harufu ya shamba, na amri zako zilikuwa zile zile. Nawa mikono. Anayejua kusoma asome kwa sauti, asijisomee peke yake kama mchoyo.

Kiswahili cha darasani tulifundishwa na mwalimu. Kiswahili cha kucheka na cha kugombana tulifundishwa na Karani Mapengo, maana nyumbani kilikuwa ni Kimatengo asubuhi hadi kulala. Ndiyo maana Ditram alipodaiwa daftari na mwalimu alimjibu, "Njoo kesho, faili lako linashughulikiwa." Alichapwa viboko akarudi anatembea upande. Ukajifunga kitenge ukapanda shuleni, tukadhani unakwenda kumtetea. Kumbe ulikwenda kumwomba mwalimu akusimulie upya alivyojibiwa. Mwalimu mwenyewe alisema mlicheka wote mpaka mkashika meza.

Halafu ikaja ile mvua iliyokata barabara. Gazeti tulilokuwa nalo liliishia Karani Mapengo anatumbukia kisimani, miguu juu, kofia imebaki hewani, na chini pameandikwa: itaendelea. Tukasubiri. Malori yakakwama kwenye tope, na toleo lililofuata halikufika Mbinga kabisa. Barabara ilipofunguka likaja la baada yake, na humo Karani yuko harusini, mkono umefungwa bandeji, anavuta mbuzi kwa kamba. Tukapigwa na butwaa. Ametokaje kisimani? Mkono umefanywa nini? Na mbuzi ni wa nani? Ditram, mtoto mkubwa aliyekwisha kupata kipaimara, akagoma kula ugali.

Wewe ulichukua kitambaa cheupe ulichokuwa umekiandaa kwa oda ya mjini, ukakaa nacho kibarazani, na kila tukisogea ulikuwa unakigeuza. Ulipokimaliza ulikitandika mezani, ukatuambia tunawe mikono.

Mama, mimi nimeona vitu vingi vizuri tangu siku hiyo, na bado sijaona kizuri kama kile. Ulikuwa umekigawa kwa mistari kama ukurasa wa gazeti, chumba kwa chumba, na vile viduara vya maneno vinavyotoka mdomoni umevidarizi kwa uzi mweusi. Karani yuko ndani ya kisima, maji yamemfika kwapani. Juu anachungulia mama mmoja mwenye kilemba cha njano, na nyuma yake milima yetu na ngolo zake. Karani anafoka: "Unajua mimi ni nani?" Mama anajibu: "Sijui. Salimia kwanza." Karani anabisha chumba kizima. Maji yanampanda. Mwishowe, kwa herufi ndogo ndogo: "Shikamoo, mama." Ndipo anatupiwa kamba ya kufungia magunia ya kahawa. Anavutwa, mkono unagonga jiwe la ukingoni, hiyo ndiyo bandeji. Na yule mama anamkabidhi mbuzi: ampeleke harusini kwa niaba yake, kwa miguu, na kila atakayekutana naye njiani amwamkie.

Ditram alikula ugali wake na wa kwangu.

Kilemba kile cha njano ulikuwa nacho kichwani wakati tunasoma. Hakuna aliyethubutu kukuuliza.

Basi kitambaa kikakaa ndani ya tranka, katikati ya matoleo yale mawili, mahali pa lile lililokosekana. Ulipokwenda Liuli na maharage yako ulikwenda nacho, kwa sababu na wenzetu wa ziwani barabara ilikuwa imewanyima toleo lile lile. Ulirudi na dagaa kibao, umependelewa na wale waliokiona. Na hapa Maguu mpaka leo mtoto akipita bila kuamkia wakubwa anaambiwa, "Wewe utabaki kisimani," na watoto wenyewe hawajui neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwenye sindano yako. Nitauza vipi kitu kama hicho? Mtu aniambie.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, na Ditram kwenye gari moja. Nisimsingizie, ni kijana mwenye adabu. Aliniamkia vizuri, akavaa glavu nyeupe kabla ya kugusa, na majani ya tumbaku uliyokuwa unayaweka kufukuza wadudu yalimpigisha chafya mpaka nikamwonea huruma. Akawa anafunua taratibu, anatikisa kichwa. "Mama yenu aliyatunza sana." Bei aliyoitaja ilimfanya Ditram avute kiti akae. Mimi nilibaki nimesimama, nimeushika ufunguo wangu.

Akafika kwenye kitambaa. Akakitazama, akatabasamu, akakiweka pembeni juu ya meza. "Hiki si sehemu ya mkusanyiko. Hiki mnaweza kubaki nacho."

Mnaweza! Ndani ya nyumba yako, tunapewa ruhusa ya kitambaa chako! Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, nisimtukane mgeni ambaye hata chai hajanywa, ndipo akasema tena, kwa uso wa furaha kabisa: "Ooh, nimeelewa. Hili ndilo toleo mlilolikosa. Mimi ninalo!" Akafungua begi, akatoa gazeti ndani ya nailoni. Lenyewe, mama. Juu yake Karani yuko kisimani, amechorwa na yule yule mchoraji. "Miaka yote hii hamjui? Kumbe alitolewa na..."

"Ishia hapo hapo!"

Si mimi niliyesema. Ni Ditram. Amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, mkono ameunyoosha kama anayezuia gari. Mtu mzima, baba wa watoto, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kijana wa watu akashangaa. "Lakini kaka, hii ndiyo hadithi yenyewe."

"Yenyewe ni hiyo uliyoiweka pembeni," Ditram akasema.

Nikasikia kuku wanaparua huko nje kwenye vichanja vya kahawa. Nikaona hapo ndipo pa kusemea. "Mgeni wetu, chai ipo na mihogo ipo, karibu sana. Magazeti hayauzwi." Akamgeukia Ditram, akitegemea mwanamume ataniweka sawa. Ditram alikuwa anakikunja kitambaa, kwa kufuata mikunjo yako ile ile. "Umemsikia," akasema.

Usidhani tulikumbatiana. Wakati wanaondoka alinivuta pembeni, uso umekunjamana. "Sasa kaburi utalijenga wewe." Nikamwambia nitalijenga. Kahawa ikikubali utapata saruji mwaka huu, na isipokubali utabaki na udongo wako na yale maua niliyoyapanda, ambayo yanakutosha, maana ulikuwa unasema vigae ni vya kutelezesha wazee. Majirani wamenisema. Kwenye jumuiya mama mmoja ameomba sala kwa ajili ya "familia zinazopenda vitu kuliko wazazi wao," akinitazama mimi. Niliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Wapi na wapi! Mimi ndiye nakaa hapa, mimi ndiye nafagia kaburi lako, na mimi ndiye najua ulipokuwa ukicheka. Ulikuwa ukicheka juu ya hilo tranka. Nikuwekee vigae vya bluu halafu nimuuzie mtu kicheko chako? Sitaki. Wakiniuliza kesho, sitaki. Nikizeeka nikasahau jina langu, waniulize tena, bado sitaki.

Kimebaki kimoja cha kukuambia. Kijana aliliacha lile gazeti mezani. "Nina nakala nyingine," alisema, bila ubaya. "Siku mkitaka kujua ukweli, mtalisoma." Gari lilipotelea kwenye kona, nikabaki mimi na hilo gazeti.

Sikufichi, mkono uliniwasha. Nimeishi umri huu wote na hilo pengo, na jibu liko mbele yangu, ni kunyanyua jalada tu. Nililitoa kwenye nailoni. Nikaliangalia jalada. Halafu nikaenda kwenye kikapu chako cha sindano, nikachukua uzi mwekundu, kile kipande kilichobaki ulipomaliza kudarizi kamba ya magunia. Nikakaa kibarazani, mahali pako, nikalishona gazeti lile pande zake tatu, kwa mshono wako wa mnyororo, juu, ubavuni, chini, mpaka likawa halifunguki. Nikalilaza ndani ya tranka, chini kabisa. Kitambaa nimekirudisha mahali pake, katikati ya matoleo mawili, pasipokuwa na pengo. Wajukuu zako wakikua na wakitaka huo ukweli wa Dar es Salaam, watafumua wenyewe. Mkasi mimi sitoi.

Jana Ditram alipiga simu. Hakuuliza hali, hakuuliza kahawa.

"Umelisoma?"

"Nimelishona."

"Kwa uzi gani?"

"Ule mwekundu wa mama."

"Haya," akasema. "Basi sawa."

Pumzika, mama. Msalimie baba, mwambie makelele yake bado yapo nyumbani. Na huyo Karani, kama kuna siku atapita huko mliko, usimfungulie mlango mpaka aamkie.

Mimi kitindamimba wako, mwenye ufunguo.