Mfuo Ulio Chini ya Sakafu

Bondeni, Jumatatu, 9 Machi 1998

Kwa shemegi yangu Mejumaa,

Bi Sheikha, jirani yako, tumemzika Ijumaa. Kuhara siku moja, basi. Ningetanguliza salamu, lakini hilo limetangulia lenyewe. Assalamu alaikum. Kifua chajambo? Mungu akusahilishie eda. Sisi huku wazima, watoto wakuamkia.

Wajua nilianza na ndoo na kamba, nikitapisha makaro ya vyoo vya watu. Leo naongoza ukaguzi wa makaro Mji wa Kale, nyumba mia mbili na kumi na mbili. Kisima cha Bi Sheikha kimezungukwa na makaro manne. Matatu tumeyatia rangi. Maji ya kisima yakatoka safi, bila rangi. Limebaki lako, futi kumi na nane tu kutoka kisimani. Sisi twataka hamsini.

Siwezi kuingia kwako nawe umo edani, ndiyo maana naandika. Mkaguzi wangu, Bi Nekesa, atakupa pakiti ya rangi nyekundu, ile ya kutilia ukindu wa mikeka. Imwage chooni, ufuatishe ndoo mbili za maji.

Shemegi yako,
Abdulghafur


Mji wa Kale, 11 Machi 1998

Kwa shemegi Abdulghafur,

Waalaikumu salaam. Kifua kimepoa, usingizi ndio hauji. Wabusu watoto.

Pakiti nimeiweka kabatini. Karo langu mlishalipasisha. Alama ya kijani i mlangoni tangu Januari. Kijana wako Joab alibisha, akaambiwa nimekaa eda, akaomba radhi, akapaka, akenda zake. Heshima ile niliipenda. Leo waniambia ilikuwa uongo?

Na baada ya rangi utataka kuvunja sakafu iliyo juu ya karo. Pale ndipo ulipochimbwa mfuo, maji aliyooshewa marehemu ndugu yako yaliingia pale. Wachimbaji walisema sururu ilizama ghafla, kana kwamba chini hamna kitu. Nikanyamaza, maiti ilikuwa yangoja. Sitaki sururu pale tena.

Bi Sheikha alikuwa akiniletea mkate wa mofa kila magharibi. Usinitwike kifo chake.

Shemegi yako,
Mejumaa


Bondeni, Jumatatu, 16 Machi 1998

Kwa shemegi Mejumaa,

Salamu, na afya nakutakia njema.

Jana asubuhi Nekesa alitia ndoo kisimani kwa Bi Sheikha, ikapanda na maji mekundu. Wiki nzima nilitoa pakiti moja, nayo niliitoa kwako. Sikuulizi uliimwaga lini. Ahsante.

Kisima tulikipiga kufuli. Leo limevunjwa. Mabomba ni makavu, na watu thelathini na wanne hawana pengine pa kuteka. Wanamwaga yale mekundu, wanangoja rangi ipungue, kisha wanajaza mitungi.

Brashi uliyoisikia mlangoni leo ilikuwa yangu. Ile kijani nimeifuta.

Kuhusu mfuo: yule ni ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, na alipooshwa mimi ndiye niliyemshika miguu. Udongo wa pale Nekesa atauzoa kwa mkono wake, autie beseni, nami nitaupeleka kaburini kwake. Wewe utakaa chumba cha juu mafundi wakiwa chini. Eda yako haitaguswa.

Amri ya kuvunja ninayo, imepigwa muhuri. Sitaki kuingia nyumba ya ndugu yangu kwa muhuri.

Nekesa atakaa barazani kwako kesho mpaka adhana ya alasiri. Usinieleze kifua wala usingizi. Mpe neno moja aniletee: tuvunje, au tusivunje?

Ndugu wa mumeo,
Abdulghafur