Stika Yako Bado Inatembea

Festo, ndugu yangu,

Juzi nimekuona tena. Nilikuwa Mbinga mjini, kwenye foleni ya kupima kahawa ya baba, simu ikalia. Kwenye kundi letu la wakulima mtu mmoja alikuwa amesema anapika mwenyewe kwa sababu mkewe amejifungua. Mwenyekiti, mzee wa watu asiyekujua kabisa, akamjibu kwa stika: wewe, kitana mdomoni, kitenge cha mteja kichwani, unacheka. Chini yake yale maneno, "Shangazi yupo kazini."

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kwenu Lipingo, kando ya ziwa.

Kuna jambo sikukuambia. Ulidhani stika ile waliitengeneza wale wavulana wa ghorofa ya chini. Ni mimi. Mimi niliyelala kitanda cha chini yako miaka miwili chuoni. Nilikupiga picha ile siku unamsuka nywele Rehema wa darasa letu kibarazani, nikakuita, ukageuka. Unakumbuka walivyokuwa wakiniita "binti" kwenye kundi la darasa kila nikituma ujumbe wa sauti? Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni, kidevu hakina hata unywele, nikaamini wanachosema. Basi nikaigeuza picha ile kuwa stika, nikawapa wewe. Tangu siku ile hakuna aliyeniita binti tena.

Ukaacha kusuka. Dada zako wanne walikufundisha ukiwa mdogo, na hukujua kama ni aibu mpaka sisi tulipokuambia. Ukanyoa kipara. Ukaanza kuongea kwa sauti nzito ambayo haikuwa yako. Likizo ilipofika ukasema, "Mwaka huu naingia ziwani kuvua na wajomba. Wataona kama mimi si mwanaume." Nikacheka. Nikakuambia nenda.

Upepo wa mwera ukavuma, mtumbwi ukapinduka. Wajomba walirudi. Wewe ulipatikana siku ya tatu, ufukweni upande wa Mbaha.

Tanzia ikawekwa kwenye kundi la darasa, jina lako kamili. Katikati ya zile pole mtu akauliza, "Festo ndiye yupi?" Mwingine akamjibu kwa stika. Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo sura waliyokuwa nayo.

Tangu hapo unanijia. Kwa shemeji yangu wa Songea. Kwenye kundi la kwaya, asubuhi ya Jumapili. Na unabadilika, Festo. Kila unapopita mikononi mwa watu picha inafifia. Macho yako sasa ni vivuli viwili tu. Meno ndiyo hayafifii.

Jana nikashindwa kuvumilia, nikateremka mpaka kwenu. Mama yako alikuwa anaanika usipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumwona mwenzako?"

Nikamweleza yote, nimesimama palepale juani. Alijifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Nionyeshe." Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Hapa alikuwa anamchekea nani?"

"Mimi, mama."

"Basi alikuwa anakupenda."

Akanirudishia simu, akaendelea kugeuza samaki wake. Hakunikaribisha ndani.

Nikiwa kwenye gari la kurudi nikaandika kwenye kundi la wakulima: huyu anaitwa Festo, ni mtoto wa Lipingo, amefariki, na aliyeitengeneza stika hii ni mimi. Mwenyekiti akaifuta, akanipigia kuomba radhi. Lakini kabla hatujamaliza kupanda mlima ukatokea tena, kwenye kundi la mpira, na maneno ya chini yamebadilishwa, yako katika lugha nisiyoijua. Nikaandika jina lako tena.

Siwezi kukurudisha, wala hiyo stika siwezi kuirudisha. Ninachokuahidi ni hiki: popote utakaponitokea nitasema wewe ni nani, na ni nani aliyekutoa uchekwe badala yake. Watakaocheka wacheke wakijua.

Kwaheri, Festo. Pumzika ukiweza.

Ni mimi Anselmi, niliyekupiga picha.