Kiti cha Kumi na Moja

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Basi, imekwisha. Asubuhi Baba Ghanim, mwenye timu, ametukusanya gereji, Umm Salal, sote kumi na wanne. Akasema timu imeuzwa. Magari yanapelekwa Ulaya mwezi ujao. Miaka kumi! Mataji manne ya mbio za vijana! Watu wakapiga makofi, sijui walikuwa wanashangilia nini. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Oloo, mkuu wa mafundi, mtu mzima na ndevu zake, alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji. Aliporudi akasema ni vumbi.

Kisha Chelsea wa ofisini akanifuata. Ni binti wa Kenya, picha na maneno yote ya timu ni kazi yake. Tarehe ishirini na saba kuna sherehe ya kuagana, ukumbini The Pearl, na anataka kuonyesha historia nzima ya timu. "Auntie, tutapanga viti vya madereva wote, from wa kwanza mpaka wa mwisho. Si unavyo?"

Ninavyo. Nani mwingine awe navyo? Nilikuja Doha kulea mtoto wa Baba Ghanim na kushona mapazia ya mkewe, nikaishia kutengeneza viti vya magari ya mashindano. Kwetu Tanga hawaamini hadi leo.

Nikamwambia vipo vyote ishirini na tatu. Ulimi huu! Ningesema ishirini na mbili.

Alhamisi, 13 Novemba

Tumeshusha viti kutoka kwenye rafu. Chelsea hakujua vinatengenezwaje, nikamweleza. Gari la mbio la mtu mmoja ni jembamba, dereva halipandi, analivaa. Kwa hiyo kila dereva ana kiti chake. Anaketi ndani ya gari juu ya mfuko wa plastiki, mikono kwenye usukani, nami nachanganya dawa mbili na kuzimimina humo mfukoni. Zinaumuka kama unga wa mandazi mpaka zimzunguke mgongo na nyonga. Robo saa hatikisiki! Ikikauka nachonga kwa kisu cha mkate, navisha kitambaa. Dereva akihama timu, umbo la mgongo wake linabaki kwangu.

Cha kwanza ni cha yule Mfaransa aliyekuwa akimpigia mama yake simu kabla hata hajavua kofia. Cha nne cha kijana wa Kihindi aliyeleta taji la kwanza, mwaka 2017, chembamba utadhani cha mtoto wa shule ya msingi. Cha saba cha Mbrazili, kipana huko makalioni. Oloo akakipigapiga: "Huyu jamaa alikuwa na haga, wacha tu!" Tukacheka. Cha tisa cha yule Mfini, sasa yuko huko juu kwenye mbio kubwa za dunia. Kila mwaka ananitumia salamu za Idi, na kila mwaka anakosea siku.

Cha kumi. Cha kumi na mbili. Chelsea akahesabu upya. Namba eleven iko wapi?

Oloo akainama kufunga kamba za viatu. Anavaa buti zisizo na kamba. Nikasema kimechanika kidogo, nakirekebisha.

Kiko chumbani kwangu juu ya kabati, nimekifunga ndani ya shuka. Ni cha Ghanim.

Ijumaa, 14 Novemba

Al Wakrah, kwa Mama Ghanim, kama kila Ijumaa. Zamani nilikuwa naishi humo humo, chumba cha uani. Baada ya ajali nikahamia Umm Salal, nikasema ni kwa ajili ya kuwa karibu na kazi. Uongo. Sikuweza kuisikia fimbo ya Ghanim ikigonga sakafu.

Baada ya chakula Mama Ghanim akatandika kanga yake kwenye kochi. Ghanim akalala kifudifudi, mama yake akamsugua mgongo kwa mafuta. Kila siku, miaka mitatu na nusu sasa. Mguu wa kushoto bado anauburuta. Ana miaka kumi na tisa.

Kanga ile niliileta mimi, likizo ya 2019. Doti moja, nyekundu, ya mikorosho. Nikaikata vipande viwili nikavipinda, kimoja chake, kimoja changu. Uzi mwekundu ukaniishia, mapindo ya mwisho nikamalizia kwa kijani. Mama Ghanim alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema sasa sisi ni ndugu, nguo yetu moja.

Leo akaniuliza yangu iko wapi, mbona haioni tena. Nikasema imechakaa. Mungu nisamehe.

Jumapili, 16 Novemba

Chelsea kaniletea maandishi ya mabango nimsaidie kuhakiki miaka. Mazuri, binti anajua kuandika. Nikafika 2022. "Timu iliongoza msimu mzima hadi mbio za mwisho, ambapo dereva alilegeza mikanda yake kinyume na maagizo, akapata ajali, na taji likapotea."

Dereva! Hata jina hana! Nikamuuliza nani kaandika hivi. Akasema yote kaandika yeye isipokuwa sentensi hiyo, hiyo kaileta mzee mwenyewe. Baba mzazi wa Ghanim.

Haya. Daftari hili halisomi mtu. Niandike.

Ramadhani ile iliangukia Aprili, joto limeshaanza. Kocha alikataza mtu kuendesha akiwa amefunga. Kunywa maji leo, siku utazilipa baadaye. Ghanim, miaka kumi na sita, akamwitikia kocha, kisha akafunga. Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha kula daku. Nilimlea tangu ana miaka minne, sala nilimwonyesha mimi, na ile funga yake ya kwanza ya nusu siku alifunga jikoni kwangu. Nilijivunia mno!

Kiti chake nilikuwa nimekimimina mwezi wa Shaabani. Kufika tarehe ishirini na kitu ya mfungo mtoto amekwisha mwili, anacheza ndani ya kiti. Ukutani gereji pana amri, mwandiko wa Oloo: kiti kikilegea mwambie fundi mkuu, kimiminwe kipya. Lakini kabla ya kumimina dereva hupimwa uzito. Akipimwa, kocha anajua. Ghanim, ambaye huniita Khala, mama mdogo kwa Kiarabu, akanishika mkono: Khala, usiseme, imebaki mbio moja tu.

Sikusema. Nikavua kanga yangu, nikaikunja mara nne, nikaisindilia nyuma ya kiuno chake. Nikafunga mikanda. Ikabana vizuri kabisa. Nikampiga begani nikamwambia nenda baba.

Mzunguko wa tisa akagonga ukuta. Kanga ikabonyea kama inavyobonyea nguo yoyote, mikanda ikabaki imelegea, mgongo wake ukapata yote. Ningemwambia Oloo, kiti kipya kingechukua robo saa.

Na hilo silo baya kuliko yote. Gari liliporudishwa gereji, wakaguzi hawajafika, nilitia mkono nikaichomoa. Nikajifunga kiunoni mbele za watu! Nani ashangae mwanamke wa Tanga kuvaa kanga? Oloo aliniona. Hajasema neno mpaka leo.

Wakaguzi wakauliza mikanda ililegeaje. Ghanim, kitandani hospitali, hawezi hata kugeuza shingo, akajibu: niliilegeza mwenyewe, ilinibana. Wiki ile ile baba yake akaishusha picha yake ukutani.

Nami nikanyamaza. Nikaendelea kushona viti.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepika. Nimemwaga ugali wote. Tiketi ya Dar imetoka — Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Miaka kumi na tano, mabegi mawili.

Alhamisi, 20 Novemba

Ghanim alinifuata kwa gari lake. Tukanywa karak, chai ya maziwa ya huku, ndani ya gari, pale Al Wakrah bandarini. Anaongea Kiswahili changu cha Tanga, hata kukoroma kwake nadhani ni kwangu. Nikamwuliza moja kwa moja: kwa nini ulisema uongo ule?

Akapuliza chai. "Wangekurudisha kwenu siku ile ile, Khala. Mimi ningelala pale na nani?"

Nikamwambia kuhusu bango. Nikamwambia baba yako hakutazami usoni, naona kwa macho yangu.

"Ananitazama. Nikimpa mgongo."

Nikalia. Sikujali watu wa gari la pembeni. Nikasema nitakwenda kusema kweli kabla sijaondoka, jina lako lirudi. Akakasirika, mara ya kwanza kunikasirikia tangu utoto. Akasema funga ile ilikuwa yake na Mungu, hataki iwe habari ya ukumbini. "Na mama ana ndugu mmoja tu mji huu. Unataka kumchukulia huyo pia?"

Nilitaka kumwambia kwamba mgongo ule ni wa mama yake pia, anausugua kila siku bila kujua anasugua kosa la nani. Badala yake nikainywa chai yangu, imeshapoa.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimejaribu. Kwanza kwa Chelsea: sentensi ile ifutwe. "Auntie, hiyo line siwezi guza. Mzee ameisign, na boards zishaenda printing." Akanitazama. "Kwani kuna kitu unajua?" Nikasema hapana.

Kisha nikapiga moyo konde, nikaenda ofisini kwa Baba Ghanim. Nikasimama mlangoni, maneno nimeyapanga kwa Kiarabu changu cha jikoni tangu alfajiri. Hata sijafungua mdomo, akainuka. Mtu yule hainuki! Akaweka mkono kifuani pake, akasema katika miaka yote kumi, watu wote wamewahi kumwangusha, hata damu yake mwenyewe. Mimi tu ndiye sijamwangusha.

Nikasema asante baba. Nikatoka. Asante baba! Sijui nimeumbwa na nini.

Jumatano, 26 Novemba

Nimekishusha kiti. Vumbi tele. Nimekifuta, nimekalia kitanda nikakipakata. Hakimwenei tena, sasa amejaa mabega. Huu ni mgongo wake wa miaka kumi na sita, mzima, umenyooka.

Kanga ilikuwa chini ya begi. Sikuwahi kuifua. Bado ina alama nyeusi ya mkanda pembeni. Nimeikunja mara nne, vile vile, nikairudisha mahali pake. Mdomo umenishinda, nakiri. Labda mkono huu utaweza.

Oloo alikuja na gari la mizigo. Akakitazama kiti, akaitazama kanga, akavua kofia. "Mathe, uko sure?"

Nikamwambia sina uhakika hata kidogo, chukua uende kabla sijabadilika.

Akakibeba kwa mikono miwili. Vingine vyote alivirusha garini, hiki alikiweka kiti cha mbele na kukifunga mkanda.

Alhamisi, 27 Novemba

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, nimesimama kwenye korido ya jikoni. Mlango una kioo, naona ukumbi wote. Alasiri, jua linaingia kutoka upande wa boti. Watu kama mia.

Chelsea kafurahi. Kaiona kanga, kadhani ni urembo. "Leso imekaa poa, Auntie, inaleta rangi!" Akalivuta pindo lining'inie nje vizuri. Huyu maskini hajui alichokishika.

Baba Ghanim amehutubia. Mwaka kwa mwaka. Alipofika 2022 alisoma ile sentensi bila kuinua kichwa. Ghanim yuko ukutani nyuma kabisa, kanzu nyeupe, ameegemea fimbo. Alisikiliza kama anasomewa habari za mtu mwingine. Nilitaka kupiga kelele. Nilishika trei.

Sasa wanazunguka kuangalia viti. Mama Ghanim yumo, na dada zake wawili waliosafiri kuja kwa ajili ya sherehe. Ameshaniuliza mara mbili kwa nini siendi kukaa meza yake. Nikasema nasaidia jikoni.

Yuko kiti cha nne. Anawasimulia dada zake kitu, wanacheka.

Cha saba.

Ghanim ameiona kanga. Sasa hivi. Ameacha ukuta, anakuja kwa haraka, fimbo inateleza kwenye marumaru. Hatafika. Ukumbi mzima uko katikati, na watu wanamsimamisha kumpa mkono.

Cha kumi. Mama Ghanim amenyamaza. Ameinama. Amelishika lile pindo, analigeuza upande wa ndani. Uzi wa kijani.

Ameichomoa yote. Anaitazama ilivyokunjwa, anatia mkono palepale ilipotoka, nyuma, penye kiuno. Mkono wake unajua mahali hapo kuliko daktari yeyote. Dada yake anamwuliza kitu, hamsikii.

Ghanim amesimama katikati ya watu. Ananiona kupitia kioo. Anatikisa kichwa, hapana Khala, ondoka, pita nyuma. Mlango wa nyuma uko wazi, wapishi wanaingiza barafu.

Sijaondoka.

Mama Ghanim ameinua uso. Hamtafuti mumewe, wala mwanawe. Anaangalia huku kwenye mlango wa jikoni, na ameanza kuja, kanga iko mkononi, bado imekunjwa mara nne